Nilivyofundisha watoto wa makao adabu mpaka nyanya akakataa mjukuu wake

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na rafiki ya rafiki. Sijaongeza chumvi, na mahali nitaonekana mjinga ni kwa sababu nilikuwa mjinga. Majina tu ndio nimebadilisha.

Mimi ni kijana wa Machakos. Form four nilimaliza na grade ambayo hatutaijadili hapa. Baadaye nikafanya course ya hoteli miezi sita: kupokea wageni, kupanga meza, kukunja serviette ikae kama bata. Ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kufungua cottages karibu na dam ya Masinga, watu wakuje kula samaki wakiangalia maji.

Badala yake nikapata kazi ya manager wa makao ya watoto, nje kidogo ya town ukienda upande wa Kola.

Watoto ishirini na wanane, wa miaka kumi hadi kumi na saba. Na mimi na cheti changu cha bata.

Siku ya kwanza nilishtuka. Watoto wanaingia jikoni kama kwao. Huyu anafunua sufuria, yule anakwangua ukoko wa ugali, wawili wanabishana nani alikula ukoko wa jana. Auntie Ndunge, mpishi wetu, anawafukuza na mwiko huku anacheka. Kelele hadi barabarani.

Nikajiambia, hawa watu walikuwa wananingoja mimi.

Nikanunua manila paper na felt pen. Nikaandika rules.

Jikoni hakuna kuingia. Chakula hakiguswi mpaka uambiwe. Ukitaka maji, unaomba. Ukiingia chumba chochote, hata chako, unapiga hodi. Ukimaliza kula unasema, "Asante kwa huduma." Na mimi hakuna kuniita Uncle, ni Manager.

Auntie Ndunge alisoma hiyo karatasi pole pole, mikono kiunoni.

"Manager, hii ni nyumba ama ni embassy?"

Nikamwambia inaitwa system. Akasema sawa, akarudi kwa sukuma wiki yake.

Wakuu, ile system ilishika. Mwezi wa pili hiyo nyumba ilikuwa kimya kama benki. Visitors wakikuja Jumamosi na unga na keki, wanapata watoto wamekaa laini moja, mikono magotini, wanangoja kuambiwa wapumue. Mama mmoja wa kanisa alifuta machozi akasema hajawahi kuona watoto wako na discipline hivi. Mimi nikainama kidogo, ile ya front office.

Niliamini nimeokoa kizazi. Mniwie radhi.

Sasa niwaambie juu ya Mumbua.

Mumbua alikuwa na miaka kumi na nne. Alikuja makao akiwa na saba, mama yake alipofariki, kwa sababu nyanya yake wa Masinga wakati huo alikuwa mgonjwa, hawezi hata kusimama. Nyanya akapona. Akaanza kuulizia mjukuu wake. Children officer akafuatilia, akaamua hivi: likizo ya Agosti Mumbua akae kwa nyanya wiki moja. Ikienda vizuri, mwisho wa mwaka anarudi nyumbani kabisa. Isipoenda, anabaki kwetu mpaka afike kumi na nane, halafu ajitafutie.

Huyo msichana alitaka kwenda nyumbani vile wengine wetu tunataka visa. Alikuwa ananiuliza kama susu, yaani nyanya, bado anafuga mbuzi. Kama mlango bado ni wa bluu. Mimi nitajuaje? Nikamwambia ni wa bluu.

Na katika wote alikuwa ndiye mwanafunzi wangu bora. Rules alizijua kuliko mimi. Nikasema huyu hata sina wasiwasi, nyanya atanipigia simu ya shukrani.

Nikampeleka mwenyewe, kipande cha mwisho kwa boda boda, vumbi mpaka kwa meno. Mlango ulikuwa wa kijani. Mumbua hakulalamika. Akasimama nje akapiga hodi. Nyanya akashangaa kidogo, akamvuta ndani akamshika mashavu. Nikarudi Machakos nikiimba.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Manager, kuja uchukue mtoto."

Nilifika nikapata Mumbua amekaa kwa kiti kidogo karibu na mlango, begi magotini, uniform ya safari imenyooshwa. Macho yamevimba. Nyanya alikuwa kwa jiwe lake nje anachambua mbaazi, haniangalii.

Nikamuuliza, "Susu, amekosa nini? Amekutusi?"

"Kunitusi? Angenitusi ningefurahi."

Akaweka ungo chini.

"Jana niliamka nikaenda kwa matanga ya jirani. Nikaacha muthokoi kwa sufuria, hapo kwa mafiga, na moto kidogo. Nimerudi jua likiwa huko chini. Sufuria imefunikwa vile niliiacha. Mtoto amekaa hapo mlangoni, mdomo umekauka. Nikamuuliza, hukuona chakula? Ananiambia, niliona, susu. Mbona hukula? Ananiambia, hukuniambia."

Akaelekeza kidole ndani ya nyumba.

"Maji ya mtungi ananiomba ruhusa. Mtungi wangu. Nikimpatia chakula ananiambia asante kwa huduma. Huduma gani? Mimi ni kliniki?"

"Susu, hiyo ni adabu tu."

"Adabu." Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Mtoto wa hii nyumba hafunuliwi sufuria. Anafunua mwenyewe, anakula, tunagombana baadaye. Huyu ni mueni. Umeniletea mgeni, na mimi mguu wangu hauna nguvu ya kuhudumia mgeni kila siku mpaka nife. Ama ananidharau, chakula changu kinamnukia?"

Mueni kwa Kikamba ndio mgeni. Nikakumbuka notes zangu za course. Pale tulifundishwa kufanya mtu ajisikie mgeni. Nilikuwa nimefaulu sana.

Tukaondoka. Nyanya hakutuaga, lakini nilimuona akijipangusa macho na leso.

Tulipofika barabara kubwa, tukingoja gari, Mumbua akaniuliza swali, na hilo swali mpaka leo linanikosesha raha.

"Manager, ni rule gani nilivunja?"

Wakuu, mimi ni mtu wa kucheka. Hapo sikucheka. Nilimnunulia soda ndio nipate mahali pa kuangalia.

Makao nilienda moja kwa moja jikoni. Nikamweleza Auntie Ndunge yote, nikingoja aniambie "nilikwambia". Hakuniambia. Aliuliza tu, "Sasa karatasi tunaitoa ama tunaongeza rule ya saba, kwamba ni lazima kufunua sufuria?"

Kusema kweli hiyo ya pili ndio nilikuwa nimefikiria.

Tukaitoa. Nikaita watoto, nikatangaza kwamba jikoni ni wazi, maji hayaombwi, na mimi ni Uncle. Mnafikiri walishangilia? Walikaa laini moja, mikono magotini. Mmoja akainua mkono akauliza kama wanaweza kuondoka.

Sijui kama mmewahi kujaribu kufundisha watu utundu. Hakuna certificate yake. Ilibidi nianze mwenyewe: naingia jikoni watoto wakiniona, nafunua sufuria, nachomoa kipande cha nyama. Auntie Ndunge ananichapa na mwiko, na si kwa kuigiza, ule mwiko ni mzito. Siku ya nne vijana wawili wakajiunga. Wiki ya pili vita vya ukoko vikarudi, na visitors wa Jumamosi wakaanza kuniangalia kwa huruma. Yule mama wa kanisa aliniuliza kama kuna tatizo la uongozi.

Mumbua peke yake ndiye alibaki mlangoni pa jikoni. Anakuja, anasimama, anaangalia, anarudi.

Ilichukua zaidi ya mwezi. Siku moja mchana, Auntie Ndunge akiwa nje anaanika nguo, Mumbua akaingia, akakata mkate, akapaka blueband, akala amesimama. Halafu, kwa sababu nilimharibu vizuri, akakuja ofisini kuripoti.

"Uncle, nimekula mkate sijauliza."

Mimi machozi yalikuwa yamefika. Nikafungua mdomo nimpongeze. Auntie Ndunge, ambaye alikuwa dirishani anasikia kila kitu, akanikatiza.

"Usimsifu. Ukimsifu itakuwa assignment. Mgombeze kama mtoto wa mtu."

Nikamgombeza. Nikamwambia huo mkate ulikuwa wa kesho, na makombo kwa meza ni ya nani, ya serikali? Mumbua akaniangalia, nikaona anataka kuomba msamaha ile ya zamani. Halafu akasema, "Si hata wewe ulikula nyama jana."

Akatoka bila kungoja kuambiwa atoke.

Kumshawishi nyanya ilikuwa kazi nyingine. Nilimpigia simu mara tano. Mara ya tano nikamwambia ukweli wote, kwamba mtoto hakumdharau, ni mimi nilimfundisha vibaya. Akauliza, "Wewe umezaliwa na mtu?" Nikasema ndio. "Na ulikuwa unaomba yeye maji?" Nikasema hapana.

Akasema nimlete Desemba, wiki moja, aone. Children officer akakubali, lakini akaniambia wazi hakutakuwa na mara ya tatu.

Nikampeleka. Safari hii nilirudi bila kuimba. Nililala na simu kifuani kama mtu anangoja mshahara.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne asubuhi ikalia, ni nyanya, na sauti iko juu.

"Manager, huyu mtoto wako anamaliza sukari. Jana ameacha sufuria imelowekwa mpaka leo. Amevaa leso yangu ya kanisa akaenda nayo kwa maji. Nikimwambia apunguze redio ananiambia nyimbo inaisha saa hii. Tangu Jumatatu hiyo nyimbo haijaisha."

Nikauliza pole pole, "Susu, nikuje nimchukue?"

Nyuma yake nilisikia redio, na mtu anacheka na mbuzi.

"Umchukue umpeleke wapi?" akasema, akakata simu.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo na kilinigharimu aibu nyingi: mtoto wa makao akikaa kimya sana, usimpeleke kwa visitors ukijisifu, jiulize nani alimfundisha kuogopa sufuria. Visitors wanaondoka saa kumi. Mtoto ndiye anabaki na hiyo adabu yako.

Kama wewe ulilelewa kwa makao, niambie ni kitu gani kilikusumbua ulipoanza kukaa kwa nyumba ya kawaida, maana niko na wengine ishirini na saba hapa na sitaki kubahatisha. Na kama unaendesha makao na uko na manila paper kwa ukuta, andika hapa chini imeandikwa nini. Tutacheka kidogo, halafu tutaitoa pamoja.