Tao la Mkaa Kwenye Sakafu ya Greyville

Mpaka leo nikiona sakafu iliyopigwa deki ikang'aa, hasira hunipanda. Wanaonijua hudhani napenda uchafu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban, mkimbizi kutoka Kongo, nikipanga chumba mtaa wa Greyville na rafiki niliyevuka naye mipaka mitatu. Kwetu nilisomea usanifu wa majengo mpaka vita vikafunga chuo. Durban nikawa mpiga misumari wa makreti katika kiwanda kimoja huko Jacobs. Yeye hakuwa na kazi, basi jioni nilimfundisha kuchora. Ningemnyima nini mtu niliyelala naye msituni chini ya blanketi moja?

Siku moja msanifu mzungu aliyekuwa akikarabati kanisa kuukuu la mawe alikuja kwenye ibada yetu. Tao la dirisha moja lilikuwa limeanguka. Akasema atakayemletea mchoro mzuri wa tao jipya atapewa meza ofisini kwake. Meza moja, mtu mmoja. Niliitaka meza ile kuliko chakula.

Nikaamua kufanya kama mafundi wa makanisa makuu ya Ulaya ya kale. Wao walichora kwa ukubwa halisi juu ya sakafu ya chokaa, wakachukua vipimo vya mawe palepale. Tukasimamisha godoro ukutani. Kamba moja, misumari miwili, kipande cha mkaa. Unazungusha kamba kutoka msumari wa kushoto, kisha wa kulia, na mistari inakutana juu, kwenye ncha. Nikamweleza faida ya ile ncha: uzito unashuka zaidi chini kuliko kusukuma kuta pembeni, hivyo madirisha yanaweza kupanuka. Na wasomi wa enzi ile walifundisha kwamba Mungu ni nuru, kwa hiyo kila dirisha lilikuwa kama sala. Nikaongeza, kwa madaha, kwamba wengi wa mafundi wale hawakuacha majina. Niliusifu unyenyekevu wao kama padri mimbarini.

"Hata jina moja?" aliuliza.

"Wengi wao, hata moja."

Wiki nzima tulilala tumejibana mlangoni tusifute mistari. Ilibaki kunakili karatasini, nami nilipanga kuifanya Jumamosi.

Ijumaa nilirudi kutoka Jacobs nikakuta godoro limelazwa chini, chumba kinanukia sabuni. Palibaki matundu mawili ya misumari tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu alikuwa rafiki yangu, amekaa godoroni, ndani ya shati langu jeupe.

"Nilinakili kwenye karatasi, nimekwisha kumuonesha ule patron muzungu, mon frère. Naanza lundi."

"Jumatatu hii? Ulimwambia tao ni la nani?"

Hakuinua macho. "Ni weye mwenyewe ulisema, wale maître, mafundi wa kale, hawakuandikaka majina."

Nilimchukia, nikajichukia na mimi kwa mdomo wangu.

Mwaka uliofuata nilikwenda kanisani kuliona. Lilikuwa tao langu, kipimo kwa kipimo, na jua likipita ndani yake. Nikasimama pale nikitokwa na machozi. Mama aliyekuwa akipiga deki akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia tao lile nimelichora mimi. Akavitazama viatu vyangu vya kiwandani, akacheka kwa upole, akanionyesha mlango wa kutokea.