Nukta Kumi Kwenye Filamu

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa stima katika hospitali ndogo ya shamba la majani chai, upande wa Kericho. Baba yangu alikuja huko kutoka magharibi kuchuma chai, nami nikasomea ufundi. Hospitali ilipoletewa mashine mpya ya eksirei, nilikabidhiwa mimi.

Mashine za zamani zilipima muda kwa saa ya springi. Hii ilikuwa na sanduku la kielektroniki lililohesabu mapigo ya stima, mapigo mia kwa kila sekunde. Ukiiambia ihesabu kumi, ilihesabu kumi na kujizima. Niliipenda kwa sababu haikukisia.

Kisha kwa wiki mbili picha zikatoka hafifu, moja leo, mbili kesho. Nikasema dawa za kusafishia filamu zimeharibika, zikabadilishwa. Sanduku lenyewe sikulifungua.

Alasiri moja trela la trekta lilipinduka na wachumaji ndani yake. Wengi walichubuka tu. Mama mmoja aliletwa akiwa amelala juu ya mlango uliong'olewa, na mumewe alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili. Daktari alikuwa amemwambia, "Usiache kichwa kisogee hata kidogo." Yule bwana hakukiachia tena.

Daktari alitaka picha ya shingo kabla ya kumsafirisha Nakuru kwa ile barabara ya Londiani yenye mashimo. Picha ya kwanza ilitoka nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Ya pili pia.

"Si uongeze muda?" daktari akaniuliza.

"Daktari, sijui inahesabu nini. Nikiongeza naweza kumchoma bure, na picha bado isionyeshe kitu."

"Basi jua. Haraka."

Nilikuwa na kipimo kimoja: pia ya shaba, kama zile wanazochezea watoto, yenye tundu dogo pembeni. Unaiweka juu ya kaseti ya filamu, unaizungusha, unapiga eksirei. Kila pigo la stima linaacha nukta moja. Tulimsogeza mama kando pamoja na mlango wake, mumewe akitembea kinyumenyume bila kuachia mikono. Nikaweka mapigo kumi, nikapiga, nikakimbilia chumba cha giza.

Nukta sita. Nikarudia. Nukta nane.

Nilisimama pale na filamu inayochuruzika maji. Sanduku lilikuwa linahesabu vitu visivyokuwepo, ndiyo maana lilijizima mapema. Na kila lilipokosea hivyo, taa ya chumba cha eksirei ilikuwa imecheza. Hapo ndipo nikasikia mngurumo wa kiwanda. Feni za kunyaushia majani zilikuwa kwenye laini moja na sisi. Swichi ya feni hizo ilikuwa imechakaa na kutoa cheche, na sanduku letu lilihesabu kila cheche kama pigo.

Nikatoka mbio hadi kiwandani. Msimamizi alikuwa mzee wa kwetu, mtu mkali.

"Mzee, naomba uzime feni dakika kumi."

"Wewe kijana una wazimu? Majani yako juu ya vitanda vya kunyaushia, yamelowa mvua. Yakipata joto yanaharibika yote, na mimi ndiye nitakayefukuzwa."

"Kuna mama huko, pengine shingo imevunjika. Wiki mbili sasa picha zinaharibika, na mashine haiwezi kuhesabu feni zikizunguka."

"Mashine ihesabu feni?" Alinitazama kama mtu anayedanganywa. "Kwa nini hukuyasema haya juzi?"

"Nilikosea, mzee," nikasema. "Nililaumu dawa."

Kisha akaenda mwenyewe kwenye swichi kuu, akaivuta. Kiwanda kizima kikatulia, na wafanyakazi wakageuka kututazama. "Kimbia," akasema.

Nikapima tena. Nilihesabu nukta kwa kucha, kisha nikahesabu upya kwa sababu sikujiamini. Kumi. Daktari akamrudisha mama chini ya mashine, nikabonyeza.

Filamu ilipotoka kwenye dawa, mifupa ya shingo ilionekana yote saba. Mmoja ulikuwa na ufa, lakini haukuwa umehama. Daktari akamwambia yule bwana, "Sasa tutamfunga na mifuko ya mchanga. Unaweza kuachia."

Bwana alijaribu kufungua vidole, vikakataa. Nikavishika kimoja kimoja, nikavikunjua.

Siku iliyofuata tulibadilisha swichi ya feni, nami nikaomba hospitali ipewe laini yake. Feni zilikuwa zimekaa kimya muda mrefu kuliko nilioomba, na majani ya siku ile yaliharibika nusu. Msimamizi alimweleza meneja sababu, akakaripiwa, ila hakufukuzwa.

Mama alirudi baada ya miezi kadhaa akiwa na mkanda mgumu shingoni, akitembea mwenyewe. Hakuchuma tena. Walimpa kazi ya kuangalia watoto wa wachumaji, na nilipopita pale asubuhi nilimsikia akiwakemea, mwili wote ukigeuka pamoja na kichwa.