Shujaa wa Buti za Njano

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilikulia mbele ya televisheni. Uongo mtupu. Nilikulia chini ya dirisha la jirani yetu mjini Biharamulo, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani. Televisheni ilikuwa sebuleni kwake. Watoto wa nyumba ile walijaa mkekani. Sisi wenye miguu ya tope tulibaki nje. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitano, alipanda juu ya matofali mawili, akashika nondo za dirisha na kutusimulia kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, kila alichokiona. Mimi nilikiona kisogo chake tu.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha shujaa mwenye barakoa, joho na buti za njano, aliyeruka juu ya maghorofa kuwakamata majambazi. Nilimpenda kuliko wajomba zangu wote. Kwa maelezo ya dada, alikuwa na mama mgonjwa, aliogopa maji, na kila jambazi alijulikana kwa viatu vyake: huyu raba zilizotoboka, yule ndala, mkubwa wao viatu vya ngozi vinavyong'aa.

Mwaka huu, nikiwa mpakani Rusumo ninakofanya kazi ya uwakala wa forodha, nikisubiri lori la mteja livuke, nilikipata kipindi kile kwenye simu. Nilikaa kwenye benchi la mama lishe, moyo unanidunda kwa furaha. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimenuna. Zipu ya shujaa ilionekana mgongoni. Mwamba uliomwangukia ulidunda kama boksi tupu. Mama mgonjwa hakuwepo. Maji hakuyaogopa hata kidogo; aliogelea, tena vibaya. Nilitazama sehemu tano nikikitafuta kipindi changu, sikukiona.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Nyarubungo, anakolima dada na mumewe. Wazazi wa kitongoji chao walikuwa wamejenga shule shikizi, ili watoto wadogo wasitembee mbali hadi shule kubwa, wakamchagua dada afundishe darasa la awali. Alikataa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amenipigia simu: mwalimu asipopatikana kufikia Jumatatu, darasa halifunguliwi, na watoto watakaa nyumbani mwaka mzima.

"Zungumza na dada yako," alisema. "Wewe anakusikiliza."

Hapo nilicheka. Dada yangu hajawahi kunisikiliza.

Nilimkuta akimenya mihogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kama umetumwa, kunywa chai urudi."

"Sijatumwa," nikadanganya.

"Mimi ni darasa la saba, tena la kufeli. Nikawafundishe nini watoto wa watu?"

Sikubishana. Nilitoa simu nikamwekea kipindi, kwa uchokozi tu, nimuulize mama mgonjwa alikuwa wapi. Alitazama muda mrefu, kisu kimesimama mkononi.

"Kumbe uso wake uko hivi," akasema.

Sikuelewa. "Si ulikuwa unamwona kila Jumamosi?"

Akainama. Akaniambia kwamba pazia la sebule ile lilifungwa kila wakati wa kipindi, kwa sababu jua la jioni lilipiga kioo cha televisheni. Lakini lilikuwa fupi. Chini yake palibaki nafasi ya kiganja, na kupitia hapo aliona sehemu ya chini tu ya kioo, penye miguu ya waigizaji.

"Viatu tu, mdogo wangu. Mengine nilitunga. Mlikuwa mmekaa kwenye tope mnaningoja. Ningesemaje kwamba sioni?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Tangu siku hizo naogopa atatokea mtu aliyekaa mle ndani aniumbue. Mwalimu anaulizwa maswali. Na hawa nao niwadanganye?"

Hasira ilinipanda, ile hasira ya kumpenda mtu. Nilimwambia nimesoma mpaka chuo, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenifanya nikae kwenye tope nisihisi baridi.

"Ukiulizwa usichokijua, sema hujui."

"Mwalimu aseme hajui?"

"Aseme! Kama kuuliza si ujinga, kutojua kutakuwaje kosa?"

Alirudia mihogo yake, lakini aliimenya ovyo, akiondoa ganda pamoja na nusu ya muhogo. Jioni alimtuma mumewe kwa mwenyekiti, akaseme atajaribu wiki moja.

Jumatatu niliahirisha kurudi Rusumo. Dada alivaa gauni lake la kanisani, nami nikamsindikiza. Darasa lilikuwa la matofali mabichi, madirisha bado hayajawekwa mbao. Nilisimama nje ya mlango. Alikuwa hajamaliza hata kuwasalimu watoto, binti mmoja mdogo akanyoosha kidole dirishani na kuuliza kwa Kisubi mbona mwezi bado upo na jua limeshatoka.

Dada akautazama ule mwezi. Nilijua anao uwezo wa kutunga jibu tamu palepale, na darasa zima lingeliamini.

"Sijui," akasema kwa Kisubi, kisha akarudia polepole kwa Kiswahili ili wakisikie. "Sijui. Nani anajua?"

Mikono yote ikanyooka.