Nguo ya Kumtoa Mama Msibani

Shangazi Savaro hakuwahi kupanga mchoro kabla ya kuuchora. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, nguo ya gome la mti ameitandaza mapajani. Alichukua ganda la popoo, ndilo brashi yake, akalitafuna ncha mpaka nyuzi zikaachana, akalichovya katika masizi yaliyokorogwa kwa maji, akavuta mstari. Gome likishaunywa mstari, haufutiki. Nilimtazama tangu utotoni, na mpaka leo sijui ujasiri ule aliutoa wapi.

"Shangazi, unajuaje utaishia wapi?"

"Wewe ukienda msituni kujisaidia, unachora ramani kwanza?"

Rangi zake zilitoka mlimani kwetu, huu mlima unaofuka moshi hata siku watu wanapousahau. Nyekundu aliichemsha kutoka magome, njano aliiponda kutoka mizizi, kijivu kilikuwa tope la mto lililozimuliwa kwa maji. Ungemkuta shambani amemwinamia buibui, magimbi yake yakimngoja kapuni. "Huyu naye alifundishwa na nani?" angeuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kanisani.

Aliolewa akiwa msichana katika ukoo wa juu mlimani. Kwetu mwanamke akiolewa huacha alama za baba yake, akachora za ukoo wa mumewe. Mama mkwe wake alimfundisha mgongo wa mlima: mistari inayopanda na kushuka, meno kwa meno, mpaka macho yako yanaanza kupumua nayo. Aliichora miaka na miaka. Wageni walipanda kwa miguu kuja kununua kazi zake. Walipomwambia nguo yake moja imetundikwa ukutani Sydney, alishangaa kweli. "Ukutani? Kwani ukuta unasikia baridi?"

Kisha baba yangu, ambaye alikuwa kaka yake, akafariki. Mama akavishwa fulana ya mjane, ile nzito ya mbegu za kijivu, akaingia ndani. Haendi mtoni, haendi shambani, wala hanyanyui sauti. Hutoka siku dada wa marehemu anapoikata fulana ile na kumfunika mabega kwa nguo yenye alama ya ukoo wa marehemu. Alama yetu ni chipukizi la kangaga, lile linalojikunja kama sikio la mtoto. Na dada aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Savaro, ambaye mkono wake haukuwa umeigusa alama hiyo tangu siku ya harusi.

Ilibidi aombe ruhusa kwa wifi yake Jovita, dada mkubwa wa mumewe.

"Umekula magimbi yetu mpaka meno yameisha," Jovita alisema, "leo unataka kurudi kwenu kwa brashi?"

"Naazima mkono tu, wifi. Nitaurudisha."

"Urudi na nyama ya nguruwe."

Siku ya kuchora wanawake walijaa uani. Nguruwe walikuwa wameshafungwa kwa ajili ya karamu ya kesho ya kumtoa mama. Gome lilikuwa moja tu, kwa sababu mvua zilikuwa zimekatika, na wakati wa kiangazi mti hauachii ngozi yake. Shangazi akachovya. Mkono ukashuka, ukapanda, ukashuka tena, ukapanda. Sote tuliona kabla yake: pembeni mwa nguo, nyeusi na mbichi, ulikuwa umesimama mgongo wa mlima.

"Eh! Mkono umeolewa kuliko mwenyewe!" Jovita alicheka. Kisha akatazama mlango wa nyumba, ambako mama yangu alikuwa akichungulia kwenye ufa, na kicheko kikamkauka.

Kumfunika mama kwa alama ya ukoo mwingine ni kumwambia kwamba mumewe hakuwa na kwao. Kuahirisha ni kumwacha ndani ya zile mbegu mpaka mvua nyingine. Shangazi aliitazama nguo kwa muda mrefu. Nilidhani analia. Alikuwa anapima.

"Nipeni wembe."

"Savaro, una wazimu? Gome ni hilo hilo!" Jovita akamshika kifundo cha mkono.

"Bibi yangu hakujua brashi," shangazi alisema. "Alikata na kushona. Niachie, wifi."

Akaipasua nguo katikati. Nusu safi akaiweka kando. Ile yenye kosa akaibeba mpaka mtoni, akaizamisha katika tope jeusi, akaanza kuikanyaga. Jovita alisimama ukingoni akinung'unika, halafu akapandisha sketi na kuingia. "Sogea, mzee. Unakanyaga kama kuku." Wakakanyaga pamoja, mabega yakigusana.

Asubuhi nguo ilitoka topeni nyeusi kabisa. Mlima ulikuwa umezama humo humo ndani. Shangazi akaishika, na wembe ukaanza kuzunguka. Hakupima wala hakusita. Chipukizi la kwanza likadondoka pajani mwake, limejikunja barabara, kisha la pili, kisha hatukuhesabu tena. Brashi ilikuwa ya wakweze. Wembe haukuwa umewahi kuolewa. Aliyashona yale machipukizi juu ya nusu nyeupe kwa sindano ya mfupa wa popo.

Jioni ile akaikata fulana. Mbegu zilimwagika sakafuni kama mvua. Mabega ya mama yalikuwa membamba, yamebaki na vishimo pale mbegu zilipolalia, na nguo ile fupi iliyatosha. Mama akagusa sikio moja la kangaga kwa kidole.

"Ni yeye," alisema, sauti yake ikikwaruza kwa kukaa bure.

Akavuka kizingiti mwenyewe, akashuka kuelekea mtoni kuoga.