Watafuna Kahawa wa Marseille

Hasira haijaniisha, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Katika kisomo cha watu wazima hapa Kamachumu niliwaeleza wakulima habari za Marseille, bandari kongwe ya Ufaransa: gati za mawe, ngome mbili langoni, meli zinazoshusha kahawa. Kitabu kiliishia hapo. Kiherehere changu hakikuishia hapo. Nikasema watu wa kule huitafuna kahawa kavu kama sisi Wahaya.

Wiki hii akaja mgeni, mzaliwa wa Marseille. Bibi Kokugonza, mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, akamkaribisha kwa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mgeni akauma, akatema, akaomba kikombe.

Bibi akanigeukia. “Waitu mwalimu, hiyo bandari yenyewe ipo kweli?”