Mheshimiwa, Simjui Huyu Mama

Leo nimedanganya kortini, na mimi ndiye wakili.

Mamangu ametoka kijijini kwetu Kibirichia alfajiri kuja kuniona nikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Huyu ndiye aliyenisomesha kwa kuvuna viazi kwenye mashamba ya watu, ameinama kutwa nzima.

Nikasimama, nikaanza kuongea.

Huko nyuma nikasikia kigelegele. Kirefu, kile cha kupokea bibi harusi.

Korti nzima ikageuka. Mawakili wenzangu, wale wa viatu vya kung'aa, wakacheka.

Hakimu akaniuliza, "Wakili, unamjua huyo mama?"

Nikajibu, "Hapana, mheshimiwa."

Askari akamshika mkono, akamtoa nje. Mimi nikaendelea na kesi. (Nilishinda, kama mnataka kujua.)

Baadaye nikamkuta nje kwenye benchi, chupa ya chai mapajani. Nikaanza kuomba msamaha. Hakuniacha nimalize.

"Usijali, Kendi. Hata huyo askari aliniuliza kama nakujua. Nikamwambia sikujui, nisikuharibie kazi."

Kisha akanimiminia chai.

Haya, niambieni nyinyi. Mngeimeza?