Sahani ya Madamu Honorine

Madamu Honorine Masika anaandika ubaoni kwa muhogo. Sitanii. Chaki za shule ziliisha pamoja na mishahara ya walimu, na hiyo ni zamani, basi yeye huchagua vipande vya muhogo mkavu, vile vyeupe kabisa, akavichonga kwa kisu na kuvitia katika mfuko wa koti. Somo likiisha, kipande kilichobaki anamtupia aliyejibu vizuri, naye anakitafuna. Sijapata kuona mwalimu mwingine ambaye chaki yake inaliwa.

Mimi sikuwa wa kilasi yake. Ila mwaka huu, wanajeshi wa zamani walipokimbia Lubumbashi na wapya wakaingia na mabuti yao ya mpira, huku bunduki zikilia upande wa uwanja wa ndege wa Luano, watu waliingia shuleni wakabeba madeski, milango na mabati ya paa letu. Mvua ikawa inanyesha juu ya daftari zetu. Papa Rigobert, prefe wetu, maana yake mkuu wa shule, akatuhamishia nyuma ya kilasi ya Madamu Honorine, tukakaa juu ya matofali.

Shule nzima inaiita kilasi ile "kilasi ya bazito", yaani wazito wa kichwa. Wako wachache. Emery anasikia kwa sikio moja tu, na hilo moja ni la uvivu. Moustapha ni mrefu kama mlango. Homa ilimpiga kichwani akiwa mtoto, na tangu siku zile akisoma maneno mawili, la tatu linamkimbia. Wengine wanasahau leo walichojua jana. Wote wana umri wa kuwa mbele zaidi, na wote wanajua wanaitwaje.

Sisi tulikuwa tumeshaanza algebra. Tulikuwa na herufi x kila mahali na hatukujua inatafuta nini. Madamu Honorine hakuandika x. Siku ya kwanza niliyomwangalia, aliweka mezani sahani iliyofunikwa na, pembeni yake, mikate mitatu, hii midogo ya kukaangwa ambayo Mama Mwajuma, mama yake Moustapha, anauza langoni mwa shule. Katikati akalaza kijiti. Ng'ambo ya kijiti akaweka mikate mingine saba.

"Huku na huku ni sawasawa," akasema. "Mu sahani muko mikate ngapi?"

"Tufunue, tutaona," akasema Emery.

"Ile njo kuiba jibu. Kwanza ujue, kisha ufunue."

Akawaambia wafikiri bwana mmoja mwenye bibi wawili. "Ukimupa huyu kikwembe, kitenge kizuri, unafanya nini?"

"Unamupa na mwenzake," kilasi ikajibu.

"Na ukimunyanganya huyu?"

"Unamunyanganya na mwenzake. Ao utalala inje," akasema Moustapha, ambaye babu yake, aliyekuja kutoka Maniema, alikuwa na bibi wawili kweli na alilala nje mara nyingi.

Basi wakaondoa mitatu huku, wakaondoa mitatu kule. Ng'ambo ilibaki minne. Wakafunua sahani: minne. Niliangalia daftari langu lililojaa x, nikahisi mtu kanifungulia dirisha. Jirani yangu Dorcelle akaninong'oneza, "Kumbe njo ile tu? Na sisi tunaumia kichwa tangu zamani?"

Kwao Madamu Honorine ni Butembo. Baba yake alishuka huku na lori la maharagwe, akafungua depo, ghala la kuuzia maharagwe, na sasa depo iko mikononi mwa Paluku, mdogo wake Madamu. Huyu Paluku anapita shuleni karibu kila juma, anasimama mlangoni na kofia mkononi kwa adabu, halafu anaharibu adabu yote kwa mdomo.

"Yaya, dada yangu, ile algebra inakulisha?"

"Inalisha bengine."

"Kuya ku depo. Utahesabu magunia. Gunia halisahau."

"Gunia hata halifurahi, Paluku. Wewe kwenda, ninafundisha."

Anacheka, anaacha kikapu cha maharagwe dirishani, anaenda. Nadhani ndicho kilichokuwa mshahara wa Madamu.

Lakini mwishoni mwa Mei Papa Rigobert alikuja na habari mbaya. Shule sasa inaishi kwa michango ya wazazi, na wazazi walikuwa wamesema: chumba chenye paa kipewe watoto wanaoweza kufika mtihani wa serikali. Wa Madamu Honorine waende kujifunza kushona na useremala nyumbani kwao.

"Kushona ni kazi nzuri," akasema Madamu. "Ila bachague benyewe."

"Madamu, bantu banasema unabakaririsha tu. Kama kasuku." Papa Rigobert hakuwa mtu mbaya, alisema akiangalia viatu vyake. "Inspekta atakuya. Akiona banajua kweli, kilasi inabaki. Akiona hapana, nitafunga."

Inspekta alifika kwa miguu, koti na tai, vumbi hadi magotini. Pikipiki yake ilikuwa imeondoka na wanajeshi waliokimbia. Alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na muhuri wake, lakini ulikuwa na jina la Zaire, nchi ambayo haikuwepo tena, naye hakuwa na hakika kama yeye mwenyewe bado yupo kazini. Alikaa mbele. Wazazi wachache walisimama ukutani. Paluku naye alikuja, akajifanya anatafuta kivuli.

Sahani ilikuwa mezani imefunikwa. Madamu alikuwa amemwomba Mama Mwajuma atie mikate minane na kuifunika, na hakuifungua tena, kwa sababu sahani iliyofunikwa kwa ajili ya mgeni anaifungua mgeni. Pembeni mikate mitatu, kijiti, na ng'ambo mikate kumi na mmoja.

Inspekta akaangalia kilasi, akamnyooshea kidole Moustapha.

"Mu sahani muko ngapi?"

Moustapha alisimama. Alihamisha mitatu huku, akahamisha mitatu kule, taratibu, akigusa kila mkate. "Nane, Papa."

"Sasa mimi nifunue?"

"Unawe kwanza, Papa."

Emery akaleta maji na beseni. Inspekta akanawa, akafunua, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Tisa."

Ukutani mtu mmoja akaguna. Papa Rigobert akafumba macho. "Mi nilisema nini," akasema mzazi mwingine, "kasuku." Madamu Honorine aliinua mkono kutaka kusema, halafu akaushusha. Alimwacha Moustapha na sahani yake.

Moustapha aliitazama muda mrefu. Hakuangalia mwalimu. Aliangalia mikate, kisha akageuka mlangoni, pale mama yake alipokuwa na beseni lake la biashara.

"Mama. Uliongeza matabishi?"

"Ee," akasema Mama Mwajuma. "Nipelekee mugeni sahani bila matabishi? Mimi niko muntu wa namna gani?"

Matabishi ni ile nyongeza ambayo muuzaji anaitupia juu ya kipimo, bila hiyo mteja harudi kwake. Hakuna mama wa soko katika mji huu ambaye mkono wake unajua kuweka nane tu.

"Nane njo ya hesabu," Moustapha akamwambia inspekta. "Moja iko matabishi. Sasa huku na huku haiko tena sawasawa."

"Basi toa ile moja."

"Hapana, Papa. Matabishi hairudishwe." Akamwendea mama yake, akachukua mkate mmoja katika beseni, akauweka ng'ambo ya kijiti juu ya ile minane. "Tunaongeza na huku. Sasa ni tisa kwa tisa. Ukirudisha ile tatu, kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Na bibi wote bawili banafurahi," akasema Emery kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia anaposema.

Kicheko kilianza kwa Paluku, kikashika ukuta mzima. Inspekta alifunga mkoba wake. "Kasuku haongezi pande zote mbili," akamwambia Papa Rigobert. "Siwezi kupiga muhuri, muhuri wangu hauna nchi. Lakini nimesema mbele ya bantu: kilasi inabaki, na inabaki humu." Halafu akaomba, kwa haya kidogo, kama anaweza kuwapelekea watoto wake sahani ile. Mama Mwajuma akaifunika.

Sisi tunasubiri mabati. Hadi sasa tuko nyuma, juu ya matofali, na sina haraka.

Sahani ilirudi Jumatatu. Sahani hairudi tupu: ndani inspekta alikuwa ameweka chaki, nyeupe, za kiwanda. Madamu Honorine aliandika kwa moja siku ile yote, akifurahi kama bibi harusi, na somo lilipoisha akamtupia Moustapha kipande kilichobaki.

Moustapha akakiuma.

"Madamu," akasema, akifuta ulimi kwa mkono, "hii iko mubaya. Kesho uandike na muhogo."